Nilivyotoka Chumbani Kinyumenyume

Assalaamu alaykum, ndugu zangu, na kina mama mlioko upande wa pili wa pazia, na nyinyi mliopata viti na nyinyi mliokosa. Mwenye kundi letu hili la magoti mabovu kanambia nisimame niseme. Nimemjibu kuwa huko kusimama ndiko hadithi yenyewe. Basi nimesimama, mnaniona. Nimeandika kwenye karatasi, kama tulivyofundishwa shule ya jioni, kwa sababu nikiachiwa mdomo mtupu magharibi itatukuta hapa, na isha pia. Majina ya watu sitayataja. Aliyemo humu akijitambua, acheke kimyakimya.

Ndugu zangu, mie nilikuwa beki. Msinitazame tumbo, tumbo limekuja baadaye. Nilikuwa beki, na si wa mpira wa miguu. Nilikuwa beki wa magongo ya barafuni, hapa hapa Maskati, ambako ukiacha sufuria ya maji uani wakati wa adhuhuri, ukirudi tia majani tu, chai tayari.

Namwona sheikh pale anamnong'oneza jirani yake kuwa nimeshaanza chumvi zangu. Sheikh, barafu ilikuwapo. Miaka ya tisini, wenye umri wangu wanakumbuka, palikuwa na ukumbi wa barafu. Nje jua linatoa watu roho, ukifungua mlango mkubwa unakutana na baridi inayokushika masikio kama mwalimu. Mle ndani kulikuwa na harufu yake, wallahi mpaka leo nikiisikia ntalia: soksi mbichi, viazi vya kukaanga, na ile baridi yenyewe, maana baridi ina harufu, asikudanganye mtu. Tulikuwa tunavua kanzu tunazitundika kwenye misumari, tunapanga kofia zetu za nakshi juu ya kabati kwa adabu, kisha tunavaa makofia magumu na mito ya kifuani mpaka tunafanana na magodoro yaliyopata miguu. Mama yangu aliponiona mara ya kwanza alisema, "Huyu wangu yupi?"

Kwa wasioujua mchezo wenyewe, ni hivi. Unavaa viatu vyenye chuma chembamba chini, kama kisu. Unashika gongo. Mnagombea kisahani cheusi cha mpira mgumu, kinachoruka kwa kasi ambayo risasi ikikiona inakipisha. Kila timu ina mabeki wawili uwanjani. Na kazi ya beki si kukimbilia mbele. Mpinzani wako anakujia mbio, na weye unarudi kinyumenyume, mbio hizo hizo, uso kwake, macho yako kifuani mwake. Huangalii kisahani, maana kisahani kinadanganya, kifua hakidanganyi. Na huangalii nyuma. Unarudi, unarudi, unambana, mpaka anaishiwa na njia. Hiyo ndiyo kazi yangu niliyoifanya ujana wangu wote.

Watu wengi kurudi nyuma kwenye barafu kunawachukua miaka. Mie siku ya kwanza nilirudi nyuma kama gari yenye dereva. Kocha wetu, mzungu wa nchi za theluji aliyekuwa akichanganya Kiingereza na Kiarabu cha sokoni, alisimamisha mazoezi.

"Nani kakufundisha?" akaniuliza.

"Bibi yangu."

"Bibi yako alikuwa beki?"

"Wa kutisha," nikamwambia.

Na sikumdanganya. Bibi yangu, mzaa mama, kazaliwa Unguja, kaja Oman mtu mzima, na nyumba yake ilikuwa Ansab. Nyumbani kwake hakuna aliyempa mtu mzima mgongo. Ukishambusu mkono, ukishaambiwa "haya, kacheze," unatoka kinyumenyume, uso kwake, mpaka kisigino kiguse kizingiti. Hapo ndipo unageuka. Na nyuma yako, ndugu zangu, kuna sinia, kuna vikombe, kuna dele la kahawa ya moto, kuna chetezo cha udi chenye makaa mekundu, kuna miguu ya shangazi zako wote duniani. Ole wako utazame nyuma. Ole wako ukanyage kikombe.

"Rudi," anasema bibi. "Hukuniaga vizuri. Anza tena."

Basi kocha alipoweka vikoni vyake vya plastiki nyuma yangu, mie niliona mchezo wa watoto. Koni haiunguzi.

Beki mwenzangu alikuwa kijana wa kwetu Oman lakini wazee wake watu wa Bara, wameishi Tabora. Kiswahili chake cha Bara, changu cha Unguja, na hatukuacha kutaniana siku hata moja. Mie nikisema "nnakuja," yeye anasema, "Unakuja na nini, mbona umemung'unya?" Nnamjibu, "Weye sema pole pole, usije ukazeeka katikati ya neno." Lakini mchezo ukianza tunakuwa mtu mmoja mwenye magongo mawili. Wageni tuliocheza nao, wahandisi na madaktari kutoka nchi za baridi, walikuwa wakubwa kama mafriji, lakini Kiswahili hawakijui. Sisi tunapigiana kelele mbele yao, siri zetu zote hadharani. Neno letu kubwa lilikuwa moja: "Kweupe!" Maana yake, nyuma yako hakuna kitu, nimekuangalizia, rudi tu usiogope. Mie sikuwa na macho kisogoni. Macho yangu ya kisogoni yalikuwa yeye.

Tulikuwa na kasoro moja, na lazima niiseme, maana kocha karibu apasuke moyo. Timu moja ya wageni ilikuwa na mzee. Mtu wa makamo kabisa, ndevu nyeupe zinatoka chini ya kofia ngumu. Kanijia na kisahani, mie hapo natakiwa nimkumbe kwa bega, sheria inaruhusu. Nikaona zile mvi. Bega likagoma. Nikasogea.

Akapita. Akafunga.

Mwenzangu akanijia macho yamemtoka. "Umempisha?"

"Ana mvi!"

"Kwa hiyo?"

"Mkumbe weye, basi."

Yule mzee akaja tena. Mwenzangu akamkabili, nikamwona anainua bega, nikamwona anazitazama zile ndevu, na kwa masikio yangu haya nikamsikia anasema, "Shikamoo." Akapita tena. Akafunga tena. Kocha alivua kofia yake akaipiga teke. Alifundisha watu wa mataifa mengi, alituambia, hakuwahi kuona mabeki wanaosalimia.

Eh, siku zile! Tukitoka mle ndani miwani inapata ukungu, nywele zimelowa, tunakaa juu ya boneti la gari tunakula mishikaki, mikono bado ina ganzi, jasho linatutoka na baridi bado imo kwenye mifupa. Sijawahi tena kuwa na baridi na joto kwa wakati mmoja. Nadhani ndiyo ujana wenyewe ulivyo.

Mwisho wa miaka hiyo kocha akapiga simu kwao, akasema nna beki huku jangwani anarudi nyuma kuliko wengine wanavyokwenda mbele. Timu moja ya mji mdogo, milimani huko Ulaya, ikaniita nikacheze kwao kwa mshahara. Si timu kubwa. Lakini mkiniuliza nyumbani ilikuwa timu kubwa kuliko zote ulimwenguni, na Sib nzima, mji wetu, ilijua hivyo, maana niliwaambia mwenyewe. Nikaagwa kama naenda kutawala. Bibi akanipa shali yake ya sufu. Nikambusu mkono, nikatoka kinyumenyume mpaka kizingitini, na abaya za shangazi zangu nimezikwepa zote.

Nilikaa huko misimu miwili. Nililala juu ya duka la mikate, alfajiri nikiamka kusali mkate wa kwanza unatoka na ukuta wangu unapata joto. Watu wa mji ule walinipenda. Walikuwa wakipiga ngoma nikiingia uwanjani. Ngoma, ndugu zangu, kwa ajili ya mtoto wa Sib!

Kisha likaja lile pambano. Kisahani kikapita kikaenda kujificha pembeni kabisa, nyuma ya goli letu, kwenye ukuta. Pale huna la kufanya ila kugeuka ukakichukue. Nikasikiliza. Kule hakukuwa na wa kuniambia kweupe. Nikageuka. Mgongo wangu kwa watu, uso wangu kwa ukuta. Sikumwona aliyenijia na sikumlaumu, yeye alikuwa kazini na mimi nilikuwa kazini. Mwili ukaenda huku, goti likabaki kule.

Niliondoka Maskati na gongo moja, nikarudi na mawili, ya kwapani. Kiwanja cha ndege cha Sib nilipita kwenye kiti cha magurudumu, shali ya bibi magotini. Mlango ukafunguka, lile joto letu likanikumbatia, na mwenzangu wa Bara amesimama pale. Alitafuta mzaha, nikamwona anautafuta. Hakuupata. Akaenda kuleta gari.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo wengi wenu mlipo leo. Nilipasuliwa goti kule, nikapasuliwa tena hapa. Daktari akanambia waziwazi: "Kamba zimeungana. Lakini goti linaganda. Usipolikunja, usipolikanyagia, litabaki limenyooka hivyo hivyo kama mguu wa meza, na baada ya hapo hata mimi sitaweza kitu." Akanipa mazoezi. Nikamshukuru. Nikaenda nyumbani Sib, nikaingia chumbani, nikaweka mashine ya baridi mpaka mwisho, nikafunga pazia, nikapanda kitandani.

Sikutaka kuonana na mtu. Wageni walikuja kunijulia hali, kama desturi yetu, na mie nilimwambia mama awaambie nimelala. Nililala mimi, ndugu zangu! Nililala kuliko watu wa pangoni. Halwa zilijaa jikoni mpaka majirani wakadhani tunaozesha mtu. Mtaalamu wa mazoezi aliniambia inua mguu, nikainua nyusi. Nikijaribu hatua moja ya mbele, goti linanichoma kama limetiwa pilipili, nnarudi kitandani. Wiki zikapita. Goti likawa gumu. Nalijua linakuwa gumu, nnaliona, na siku moja nikajikuta sijali tena. Hilo ndilo lililokuwa baya kuliko maumivu.

Basi siku hiyo, baada ya alasiri, nasikia sauti sebuleni.

"Yuko wapi?"

Mama anasema, "Kalala, mama."

"Kalala na televisheni inapiga kelele? Inamwimbia nani?"

Pazia likafunuliwa. Bibi yangu, katoka Ansab, kakonda, kanukia udi, nyuma yake mama kabeba sinia na dele. Akaketi kwenye kiti changu, miguu yake ikaning'inia kama ya mtoto. Nikambusu mkono pale pale kitandani. Akanywa kahawa. Akaniambia khabari za binamu aliyejenga Mabela akasahau kuacha nafasi ya ngazi. Goti hakuliuliza. Mguu hakuutazama. Alipomaliza akatikisa kikombe, akakirudisha kwenye sinia, mama akaliweka sinia chini karibu na mlango. Kisha bibi akasema:

"Chumba hiki kina baridi nzuri. Mie ntalala humu."

"Karibu, bibi."

"Basi toka."

"Bibi, mie siwezi..."

"Mie mwanamke, mtu mzima, nataka kulala. Ntalalaje na dume limo ndani? Toka."

Sasa ningefanya nini? Yupo mtu humu anayeweza kumkatalia bibi yake? Nikashika magongo ya kwapani, nikasimama. Nikageuka niende mlangoni, kichwa kikageuka kidogo tu, nikaona macho yake. Na mwili wangu, si mimi, ndugu zangu, ni mwili, ukakataa kumpa mgongo. Ukarudi uso kwake. Nikapeleka kisigino nyuma.

Hakikuuma.

Nikasimama nikakisikiliza. Nikapeleka kingine. Goti likajikunja kidogo, likalalamika kidogo, lakini ule moto wa pilipili haukuja. Baadaye mtaalamu alinieleza kuwa wapo ambao goti lao linavumilia kurudi nyuma kabla ya kwenda mbele, ikawa ndiyo mazoezi yangu rasmi. Lakini wakati ule sikujua elimu hiyo. Nilijua tu kwamba bibi ananitazama, na mie namtazama kifuani, na narudi.

"Dele liko kushoto kwako," akasema.

Nikalikwepa. Kisigino kikagusa kizingiti. Machozi yananitoka, na sikutaka ayaone, lakini asiyaone vipi, uso wangu si uko kwake?

"Rudi," akasema. "Hukuniaga vizuri."

Mama akasema, "Mama, mgonjwa huyu!"

"Simsemeshi mgonjwa, namsemesha mjukuu wangu. Anza tena."

Nilimuaga bibi yangu jioni ile mpaka magharibi ikaadhiniwa. Na hakurudi Ansab. Alihamia. Akachukua chumba changu na baridi yangu, mie nikawa nalala sebuleni, na kila alasiri ananiita ndani kunywa kahawa, kisha ananifukuza. Sinia analihamisha. Siku moja kaweka chetezo. Nikamwambia, "Bibi, utaniunguza." Akasema, "Basi usikanyage."

Mwenzangu wa Bara akaja. Safari hii mama hakumwambia nimelala, maana alinikuta ukumbini nyumbani nimempa uso mlango wa bibi, narudi nyuma kuelekea jikoni. Hakusema pole. Akapita ubavuni, akasimama nyuma yangu, na nikaisikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu siku za barafu.

"Kweupe!"

Nikarudi. Ukumbi, jikoni, uani. Wiki zilizofuata, mlango wa nje. Kisha barabara ya pwani ya Sib, mie narudi kinyumenyume na yeye nyuma yangu anatazama magari, mpaka soko la samaki. Wauza samaki wakaacha visu. Mmoja akauliza, "Huyu anakwenda au anarudi?" Mwenzangu akamwambia, "Mwenyewe bado hajaamua." Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Nilikuwa sijacheka tangu Ulaya. Na nilipomaliza kucheka nikagundua gongo moja nimeliacha kwenye duka la nyuma, na hakuna aliyeliona likibaki.

Goti halikuganda. Mnaliona hili hapa, linakunjika, linasujudu. Siku ya baridi linanisemesha, na mie nnalijibu. Kucheza kwa mshahara kukaisha, hilo sikuficheni, na lilinichoma. Timu ya milimani ilinipigia simu mara moja, ikanitakia heri, ngoma zikanyamaza. Nikaenda shule ya jioni, nikasoma nilichokiacha utotoni, nikapata kazi ofisini. Na Ijumaa nikawa narudi kwenye barafu kuwafundisha wadogo wa watu kurudi nyuma. Nawawekea dele tupu badala ya koni. Wazazi wanashangaa. Linafanya kazi.

Mwaka mmoja, tushaingia elfu mbili na kitu, nikamleta bibi aone. Tukamketisha kwenye benchi, tumemfunika ile shali ya sufu iliyokwenda Ulaya ikarudi. Akatazama ule uwanja mweupe, akatazama vile viatu vya visu, akasoma dua yake ndefu. Nikambusu mkono. Nikaanza kurudi. Uso kwake. Nikarudi, nikapita katikati, yeye anakuwa mdogo, mdogo, mpaka imebaki shali tu, na mie sijageuka, kwa sababu kizingiti sijakigusa na barafu haina kizingiti. Nikafika ukuta wa mwisho, ukanigusa mgongo. Bibi akainua mkono. Sauti yake ikavuka ukumbi mzima.

"Haya, umeniaga vizuri. Geuka, mwanangu. Ruhusa."

Nikageuka. Nikaenda mbele barafuni, kwa mara ya kwanza tangu lile pambano, nikauzunguka uwanja wote kwa kasi ambayo hata upepo uliniomba nipunguze.

Kwenye gari nilimuuliza. Nikasema, bibi, siku ile chumbani, ulijua? Akafungua dirisha kidogo, akasema, "Nijue nini? Mie nilitaka baridi." Mpaka Mwenyezi Mungu anamchukua hakubadilisha jibu. Mungu amrehemu.

Basi namshukuru yeye kwanza. Namshukuru mama aliyebeba sinia, na daktari aliyenambia ukweli, na mtaalamu wa mazoezi aliyenivumilia nyusi zangu. Namshukuru kocha popote alipo, na yule mzee wa ndevu nyeupe aliyetufunga, alikuja kuniona hospitali na halwa mkononi kama Muomani. Na mwenzangu wa Bara. Wewe najua umeketi wapi, usijifiche.

La kukuambieni nnalo moja tu. Nyote mliomo humu mmeambiwa mwende mbele, jitahidi, songa, na mguu umekataa, na mmedhani mguu ukikataa mbele umekataa kila kitu. Nendeni kule unakokubali. Hata kama watu watauliza mnakwenda au mnarudi. Na wageni wakija, msiseme mmelala. Yeyote anayekuja kukujulia hali, muwekee uso, maana mie pazia nililofunga mwenyewe lilikaribia kunimaliza kuliko ule ukuta wa barafu.

Karatasi imeisha. Natoka. Mbele yangu naona mvi nyingi, kwa hiyo mnajua ntakavyotoka.

Mwenzangu, uko mlangoni hapo? Dele lao liko wapi, kulia? Ahsante.

Sema basi. Kweupe?